Ngoma Chini ya Vayolini

Kathini alipima mwendo wa muziki mara ya kwanza akapata mapigo sitini kwa dakika. Alipopima tena, ili awe na hakika, yakawa sitini na moja. Akaudhika. Muziki uliokwisha kurekodiwa haubadilishi mwendo eti kwa sababu umesikilizwa mara mbili.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu amalize shahada ya muziki na kurudi Kanyangi kukaa na nyanyake, Susu Mbinya. Kampuni moja ya ng'ambo ilimtumia muziki wa filamu, naye akajaza katika fomu mwendo, ufunguo na hisia za kila kipande. Huu ulikuwa wa okestra. Ufunguo ulikuwa D maina, hapo hapakuwa na shaka. Hisia aliiacha wazi kwanza. Vayolini zilikuwa zikiomboleza, lakini chini yake, mbali kabisa, kulikuwa na ngoma, na ngoma hiyo haikuwa na huzuni yoyote.

Alipima tena. Sitini na mbili.

Akainua kichwa. Pale barazani, Susu Mbinya alikuwa akipeta ndengu, na ungo wake ulipanda na kushuka sawasawa na ile ngoma. Kathini akabana hedifoni masikioni. Hakuna sauti iliyokuwa ikitoka nje.

Asubuhi Susu alikuwa amemtania: "Miaka minne chuoni, kumbe ulienda kujifunza kuhesabu ngoma za Wazungu!" Sasa hakuwa akitania.

"Mwiitu, binti wewe," alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Nini, Susu? Si unaona nimevaa hedifoni?"

"Hiyo ni ngoma yangu."

Alieleza haraka, mikono ikiendelea kupeta ungo ambao haukuwa tena na ndengu hata moja. Kabla hajaokoka alikuwa mchezaji wa kilumi, ngoma ya kupandisha majini. Kila jini lilikuwa na mdundo wake, na likishapanda lilipaswa kupigiwa hadi litosheke. Siku moja wageni walikuja na mashine ya kunasa sauti. Mkanda wao ulipoisha wakapunga mikono ngoma isimame, na wapigaji wakasimama.

"Jini langu lilikuwa bado linacheza," Susu alinong'ona. "Halikurudi tena. Nikadhani limeenda zake. Nikaokoka."

"Nizime?"

"Ukizima katikati utaniua. Acha iishe."

Lakini haikuisha. Ilikatika ghafla, bila shaka pale pale mkanda wa wale wageni ulipokatikia, na katika ukimya uliofuata ungo ulianguka, Susu akasimama, yeye ambaye magoti yake hayakuwa yamekunjuka vizuri tangu Pasaka, akaanza kuikanyaga sakafu kwa mdundo ule ule, macho yamegeuka meupe, na baraza yote ikajaa harufu ya ugoro na ya ngozi mbichi inayokaushwa motoni, ingawa jikoni hapakuwa na moto na nyumba ile ilikuwa haijaingiwa na ugoro kwa miaka na miaka.

Kathini alimpigia simu Mama Kanyiva, kiongozi wa kina mama wa kanisa waliokutana kwa maombi kila Alhamisi. Walifika jua likiwa bado juu, wanawake saba, leso mabegani.

"Pepo gani hilo la kuwaweza kina mama wa Alhamisi?" Mama Kanyiva alisema, akakunja mikono ya sweta.

Waliimba wimbo wa toba, ule wa polepole, wakipiga makofi na kumzunguka. Hatua za Susu zikalegea. Zikasita. Mwishowe akamwangukia Kathini mikononi, baridi kama jiwe, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe.

"Haleluya!" wakaitikia wote, bila kuacha kuimba.

Kathini alilia kwa furaha. Kisha, kwa mazoea tu, kidole chake kikaanza kugonga simu kufuata makofi. Sabini. Wimbo ule haukuwahi kuimbwa kwa kasi hiyo. Ubeti wa mwisho ukaisha, Mama Kanyiva akainua mkono kuufunga, na mkono ukashuka kwenye pigo, na wote saba wakarudi ubeti wa kwanza wakiwa wanatabasamu kwa midomo huku machozi yakiwatiririka hadi shingoni, miguu yao ikikanyaga kama mguu mmoja, na ile harufu ya ngozi ikirudi, nzito kuliko mwanzo.

Jua lilipogusa vilima walikuwa bado wanaimba. Kathini aliwapitia na kikombe cha maji, akiwanywesha mmoja mmoja katika pumziko kati ya mstari na mstari. Alipomfikia Mama Kanyiva, yule mama alimeza, akanong'ona upesi kabla mdundo haujamchukua:

"Kathini, mwanangu. Tusimamishe sisi, wenyewe hatuwezi."

Susu akamshika Kathini mkono kutoka nyuma. "Usithubutu. Watakufa wote."

"Basi itaisha lini?"

"Sijui. Mwisho wake hatukuwahi kuufikia."

Kathini akajaza kikombe tena, akakipeleka mdomoni mwa Mama Kanyiva. Maji yakamwagika kifuani. Pumziko lilikuwa limefupika. Maji hayakupata tena nafasi ya kuingia.