Kura ya Merina ni ya Merina

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 26 Oktoba 1995, saa kumi jioni. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na wingu hata moja juu ya kijiji cha Mofu. Merina alikuwa uani akipeta mchele, lakini mawazo yake hayakuwa kwenye ungo. Baada ya miaka mingi ya chama kimoja, Jumapili nchi ingepiga kura chini ya vyama vingi. Shahada yake ya kupigia kura ilikuwa imefungiwa ndani ya sanduku la mumewe.

"Baba Rosemery, nipe shahada yangu," alisema.

"Ya nini? Nitakupigia mimi," alijibu Telesphory huku akinoa panga. "Zamani ilikuwa rahisi: alama ya jembe au ya nyumba, na wagombea wote wa chama kile kile. Sasa vyama ni utitiri. Tena anakuja Mzungu kusimama pale pale kituoni. Ukikosea, ataandika jina lako. Utatuaibisha mpaka Ulaya!"

"Kwani wewe hukosei?"

Kabla hajajibu, walisikia hodi. Alikuwa Mwalimu Getrude, aliyerudi juzi kutoka semina ya uraia mjini Ifakara.

"Shikamoo, Mzee Telesphory."

"Marahaba, Mwalimu. Hebu mweleze mama huyu kazi ya Mzungu, aniachie mimi nimpigie kura."

Mwalimu alikaa kwenye kigoda. "Mwaka jana mligombania mpaka wa shamba na jirani yenu Ndaki, yule mfugaji. Mlimwita nani ashuhudie upimaji?"

"Damiani wa kijiji cha Kisawasawa," alisema Merina.

"Kwa nini yeye?"

"Hana shamba huku, wala hana ng'ombe."

"Basi, mgeni huyo ni Damiani wetu. Anaitwa mwangalizi. Hachagui, hahesabu kura, wala hagusi karatasi. Anatazama, kisha anasema alichokiona. Nchi rafiki zinajua kuwa njia hii ni ngeni kwetu. Ndiyo maana zimeleta waangalizi na kuchangia semina yangu. Lakini kumchagua kiongozi ni kazi yetu. Na kura, Mzee, haipigwi kwa niaba. Kila mtu na yake, tena kwa siri."

Telesphory alikuna kichwa. "Na mama huyu akikosea?"

"Tujaribu." Mwalimu alichora kuku, samaki na shuke la mpunga kwenye karatasi mbili. "Weka alama ya vema kwa umpendaye, kisha kunja."

Merina aligeukia ukutani, akaweka alama, akakunja. Telesphory alichukua muda mrefu zaidi. Mwalimu alikunjua karatasi zote mbili, akaangua kicheko.

"Mzee! Umeweka vema kwa wote watatu!"

"Sikutaka kumuudhi yeyote," alisema Telesphory.

"Kura yako imeharibika. Ya mama ni safi. Amechagua samaki."

Merina alicheka mpaka akagonga ungo, mchele ukamwagika. "Utatuaibisha mpaka Ulaya, Baba Rosemery!"

Telesphory naye alicheka. Aliingia ndani, akafungua sanduku, akamkabidhi mkewe shahada yake kwa mikono miwili.

Jumapili asubuhi walipanga foleni shuleni. Mwangalizi alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi na kofia ya ukili. Alipomwona Merina, alisema kwa furaha, "Shikamoo!"

"Hapana, mama, mimi ndiye wa kukuamkia!" alisema Merina, na foleni nzima ikacheka. Kisha aliingia peke yake nyuma ya pazia.

Njiani kurudi, Telesphory alinong'ona, "Niambie, umemchagua nani?"

"Samaki," alijibu Merina.

Mwangalizi aliandika alichokiona, akaelekea kituo kingine. Mwalimu Getrude alibaki akiwaelekeza wazee waliokuwa bado kwenye foleni. Ndaki alipiga kura, akarudi kwa ng'ombe wake. Telesphory alikwenda kusafisha majaruba yake ya mpunga. Merina aliiweka shahada yake ndani ya sanduku lake mwenyewe, akabandika sufuria ya mchuzi wa samaki.