Ukurasa wa Neno Þing

"Sólrún, ndama ametoroka zizini."

Simu ikakatika. Sólrún, jasusi wa Reykjavík, alikanyaga mafuta na Volvo ikaruka mbele juu ya barafu.

Kwa lugha yao ya siri, ndama ni ukurasa wa kale wa ngozi ya ndama, wenye sheria ambamo neno þing liliandikwa kwa mara ya kwanza kisiwani kwao. Umeibwa. Ásdís, aliyeutunza kwa miaka thelathini, ndiye aliyetupiwa lawama. Ukurasa ukipanda ndege ya saa saba mchana, mama wa watu ataingia jela kwa wizi wa wengine.

Sólrún alikuwa na hasira.

"Mwizi yuko wapi?" aliiuliza saa yake, Casio iliyofichwa redio ndani.

"Bwawa la kuogelea la Vesturbær. Mwanamke. Mgeni anayejifanya mwenyeji. Mnunuzi anamsubiri kwenye maji ya moto. Picha hatuna."

Huko bwawani, bastola yake ya Glock ilibaki kabatini pamoja na nguo. Sólrún aliingia bafuni uchi kama kila mtu, sabuni mkononi.

Wanawake watatu. Wawili walikuwa wakijisugua huku wakiwasengenya wakwe zao. Wa tatu, mwenye nguo ya kuogelea, alipita moja kwa moja kuelekea mlangoni.

"Wee dada," mhudumu alimzuia. "Vua hiyo uoge kwanza."

"Nimeoga nyumbani."

Bafu zima likageuka kumtazama. Hakuna aliyezaliwa kisiwani, ambako kuoga uchi kabla ya kuingia bwawani ni sheria, anayeweza kutamka maneno hayo.

Mgeni alichomoa kisu.

Sólrún alimmwagia sabuni miguuni. Mwanamke akaanguka chali, mkono ukapindwa, kisu kikalia kwenye vigae. Mgongoni, chini ya nguo, kulikuwa na mfuko wa plastiki. Ukurasa ulikuwa mzima.

"Yote haya kwa neno moja?" mgeni alifoka. "Kwa Kiingereza ni thing, yaani kitu. Kitu tu."

"Huko kwenu. Lilianza kama wakati uliopangwa, likawa mkutano wa wakati huo, kisha shauri lililowakutanisha watu. Nyinyi mkalichakaza mpaka likawa kitu chochote. Kwetu sisi hadi leo ndilo jina la bunge letu, na haliuzwi."

Akainua saa. "Mwambieni Ásdís kesho arudi kazini kwake. Na mumwombe radhi."

"Na mnunuzi?" sauti iliuliza kutoka kwenye saa.

"Anamsubiri mwanamke kwenye maji ya moto. Nakwenda kukaa naye."

"Hujasuuza mgongo," mhudumu alimkumbusha.

Sólrún alisuuza mgongo, akavaa nguo ya kuogelea, akatoka nje kwenye theluji bila haraka.