Nani Alimkataa Thekla?

—Usinipandishie sauti, Asimina. Padri amekataa, mimi nifanyeje?

—Amekataa lini? Mbona mimi bibi harusi sijui?

Stratos akajifanya ameshughulika na lozi za sukari. Zilibaki siku tisa wafunge ndoa, na meza ya jikoni ilikuwa imefunikwa na vifuko vya kuwagawia wageni lozi hizo.

—Ni sheria ya kanisa. Aliyefunga ndoa kwa meya tu, bila kanisa, hawezi kuwa msimamizi. Thekla alifunga kwa meya.

—Na mwanamke mwenzake. Sema yote, usimumunye maneno.

—Hayo umesema wewe.

Thekla na Asimina walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza. Waliahidiana wakiwa wadogo: wewe utanivisha mataji, nami nitakuvisha. Na msimamizi si mtu wa kupiga naye picha tu. Ndiye anayebadilisha mataji mara tatu juu ya vichwa vya maharusi, na tangu siku hiyo ni ndugu. Mwaka jana, sheria mpya ya ndoa za jinsia moja ilipopita, Thekla alimuoa Urania wake kwa meya, na Asimina akatia sahihi kama shahidi. Mji ukachachamaa. Mji huu huu ulichachamaa mwaka themanini na mbili, ndoa za serikali zilipoanza. Walisema familia imekwisha! Leo wajukuu zao wanaoana kwa meya na bibi zao ndio wanaocheza ngoma mbele. Watu wanasahau upesi, wengine hatusahau.

—Sasa nani atasimama?

—Binamu yangu Lambis yupo.

Simu ya Asimina ikalia. Ujumbe wa mama mkwe mtarajiwa:

"Mwanangu usiumie. Lambis tulishamwambia tangu Pasaka. Na suti ameshanunua."

Tangu Pasaka! Sasa ni Septemba. Asimina akachukua koti, akatoka bila kuaga.

Padri Anestis alikuwa anamwagilia mirehani nje ya kanisa.

—Nibariki, Padri.

—Bwana akubariki. Umekuja kugombana?

—Nimechoka kugombana. Nani alikuambia habari za Thekla?

—Stratos. Alikuja baada ya Pasaka. Alisema mmekubaliana wote wawili awe Lambis, ila wewe unaona aibu kumwambia rafiki yako. Akaomba lawama nizibebe mimi.

—Na asingekuja?

—Ningekataa vilevile, ila ningekuambia wewe, hapa, usoni. Meya ana ukumbi wake, sijaenda kumfundisha amuozeshe nani. Mimi nina madhabahu yangu, asinifundishe.

—Sikubaliani nawe hata kidogo, Padri. Mama yangu alipokuwa anakufa, Thekla ndiye aliyemlisha kwa kijiko. Lambis hata jina la mama halijui.

—Najua, binti.

—Lakini madhabahu ni yako. Sitakuletea polisi wala waandishi wa habari. Ila Lambis naye alifunga kwa meya, kule Ujerumani, miaka sita sasa. Na wewe umeshamkubali awe baba wa ubatizo wa watoto wawili.

Maji yakamwagikia viatu vya padri.

—Lambis yupi? Huyu aliyenibusu mkono juzi? Mama wa Mungu! Basi naye hasimami!

Asimina akampigia Stratos palepale getini.

—Nimetoka kwa padri.

—Asimina, sikia. Mama hanipi pumzi. Kazini wananicheka, eti harusi yangu itapambwa kwa upinde wa mvua. Nikaona nimalize kimyakimya. Sheria ipo, nimeitunga mimi?

—Miezi minne Thekla anakuja kwangu kunionyesha vitambaa vya gauni lake. Umekaa palepale unakula pai aliyooka yeye. Unamwambia "kijani kinakupendeza, shemeji"!

—Nilikuwa nasubiri wakati mzuri.

—Ndio huu. Nenda dukani kwake sasa hivi, umwambie kwa mdomo wako: Thekla, mimi ndiye niliyekukataa. Ukitoka pale, njoo tuzungumze.

—Nimwambie hivyo usoni? Una wazimu? Tufunge ndoa kwanza, kisha tutamwalika chakula, taratibu...

—Leo, Stratos.

—Mpenzi wangu, siwezi.

Asimina akakata simu. Alimpenda, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote: miaka mitano ya kumpenda mtu anayetafuta wa kusema kwa niaba yake. Mara mama, mara padri, mara sheria.

Akarudi kwenye mirehani.

—Padri, ifute ndoa yetu ya Jumamosi ile.

—Kwa ajili ya msimamizi? Binti yangu, tutatafuta mwingine, mji una watu.

—Wewe umenikatalia usoni. Nawe naweza kugombana mpaka tuzeeke. Yule ningelala naye kitanda kimoja maisha yangu yote, bila kujua ananikatalia nini mgongoni.

Padri Anestis akaweka ndoo chini, akaingia ofisini kwake. Aliporudi alikuwa na kalamu mkononi.

—Nimeifuta, akasema. Sasa nenda kwa Thekla, asije akaisikia kwa wengine.