Tatu, Mkwaju, Nane

Kila asubuhi Sifael alianza siku kwa kumtoa mama yake kitandani. Alisema shikamoo, akapokea marahaba, kisha akamshika mikono na kumvuta taratibu. Kitanda cha kamba cha Bibi Nakundwa kilikuwa kimelegea katikati kama kombeo. Bibi alikuwa na miaka themanini na moja, na hakuwa mtu wa kulalamika. Alisema tu kwamba amelala kama ndizi, na kwamba ndizi nazo zina Mungu wao.

Sifael aliumia. Kitanda cha mbao alimwahidi mama yake tangu Pasaka, na sasa ilikuwa Agosti. Aibu ilimzidi kwa sababu mbao ndiyo kazi yake. Hapo kijijini Myamba watu walimwita aje na chensoo, yaani msumeno wake wa injini, kila walipokuwa na gogo la kupasua.

Mke wake, Priska, alilima tangawizi na maharage. Jioni tatu kwa wiki alikwenda kisomo, darasa la watu wazima katika shule ya msingi. Sifael alipenda kumtania. Alimuuliza anasoma ili amwandikie nani barua. Priska hakumjibu. Mpare akikaa kimya usidhani amesamehe. Kesi ameiweka akiba.

Nyuma ya nyumba, marehemu baba yake Sifael alikuwa amepanda migrivea miwili, miti mirefu ya mbao. Kabla hajafa alimwambia mkewe kwamba mti mmoja utakuwa kitanda chake cha uzeeni, na wa pili utakuwa jeneza lake. Bibi Nakundwa aliwasimulia wageni jambo hili huku akicheka. Wenzake waliachiwa ng'ombe, alisema, yeye ameachiwa samani. Lakini wageni walipoondoka, mara nyingi alikwenda nyuma ya nyumba na kuigusa ile miti.

Juma lililopita Sifael alichukua kibali kwa serikali ya kijiji. Akaangusha mgrivea wa kwanza, akaanza kupasua mbao za kitanda. Kazi ilikwenda vibaya tangu mwanzo. Cheni ilitoa moshi. Badala ya vipande, msumeno ulitema unga laini kama wa mahindi. Alipotaka kwenda moja kwa moja, msumeno ulivuta kushoto. Alikaza mikono, akatoka jasho, akausukuma kwa nguvu, nao ukazidi kuvuta.

Rodrick, fundi seremala, alikuja kuzitazama zile mbao. Aliinua moja, akafumba jicho moja, akachungulia kutoka mwisho hadi mwisho. Upande mmoja ulikuwa mnene, upande wa pili mwembamba, na katikati ubao ulipinda. Akaushusha kwa upole, akasema zitafaa kwa banda la mbuzi.

Sifael alisema mti ndio wenye kasoro. Ulimea kwenye mteremko, ukapigwa na upepo, moyo wake ukajisokota.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," alisema Bibi Nakundwa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharage ya makande. Alitupa jiwe dogo pembeni, kisha akamtazama mwanawe. "Sasa umebaki mti mmoja. Niambie, mwanangu. Nilale, au nife?"

Hakusema kwa hasira. Sifael aliacha kuulaumu mti, akaugeukia msumeno.

Aliamua kununua cheni mpya. Alichukua uzi wa katani, akaupima kwenye ile cheni ya zamani, akaukata. Ndivyo alivyofanya mwaka jana, aliponunua cheni hiyo kwa mchuuzi mmoja siku ya soko. Akaufungua msumeno, akaitia cheni ya zamani mfukoni, akapanda basi la asubuhi kwenda Same.

Mjini jua lilikuwa kali na upepo ulirusha vumbi. Aliuliza, akaelekezwa duka la vipuri la Ummy. Ummy alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kilemba cha kijani na vidole vyeusi kwa oili. Ufundi aliufundishwa na baba yake, na mafundi wengi wa mlimani walimjua.

"Dada, habari za kazi. Naomba cheni ya urefu huu," alisema Sifael, akanyoosha uzi wake juu ya meza.

Ummy aliutazama ule uzi. Hakucheka, ingawa uso ulitaka. "Kaka, kwa uzi tunapima mkanda wa suruali. Cheni inanunuliwa kwa namba."

Alimweleza kwamba cheni mbili zinaweza kulingana urefu na bado zisifanane. Kuna mambo matatu ya kujua. La kwanza ni hatua ya cheni, yaani nafasi kati ya kiungo na kiungo. La pili ni unene wa vile vikucha vya chini vinavyopita ndani ya mfereji wa upanga. Upanga ni lile bapa refu la chuma ambalo cheni hulizunguka. La tatu ni idadi ya vikucha hivyo.

"Yote matatu yameandikwa kwenye upanga wako, mkiani, karibu na injini," alisema.

Sifael aliapa kwamba upanga wake haukuandikwa kitu. Ameushika miaka tisa.

"Umewahi kuufuta?"

Sifael alikiri kwamba hajawahi. Kisha akatoa simu, akampigia Priska. Alimwomba achukue kitambaa na mafuta ya taa, asugue mkia wa upanga. Walisubiri. Ummy aliweka simu mezani, ikitoa sauti kwa nguvu, akashika kalamu.

"Kuna namba," sauti ya Priska ilisema. "Ya kwanza ni tatu. Halafu mkwaju. Halafu nane."

Sifael alishangaa. Mikwaju anayoijua yeye iko kule Bendera, tambarare, na matunda yake ni machachu. "Mkwaju gani tena?"

"Kale kamstari kalikoinama, baba. Mwalimu anakaita mkwaju. Inayofuata ni moja, nukta, sita. Na ya mwisho themanini na nne. Nirudie?"

"Rudia," alisema Sifael, ingawa Ummy alikuwa ameshaandika.

Alitaka kuisikia tena. Yeye alimaliza darasa la saba, na kwa miaka tisa hakuusoma msumeno wake mwenyewe. Priska alianza kusoma mwaka huu tu, naye ameusoma mara moja. Sifael aliona aibu, kisha akaona fahari, na fahari ikashinda. Alimshukuru mkewe mbele ya watu wote waliokuwa dukani.

Ummy alipima vikucha vya cheni ya zamani kwa kipimo kidogo cha chuma. Akatikisa kichwa.

"Mfereji wako ni wa milimita moja nukta sita. Cheni hii ni ya moja nukta tatu. Huu ni mguu wa mtoto ndani ya buti la baba yake. Inayumba. Ubao utanyookaje?"

Kisha akaangalia meno ya kukata. Ya upande mmoja yalikuwa marefu na ya upande wa pili mafupi. Alimuuliza Sifael ananoa kwa kifaa gani, naye akakiri kwamba ananoa kwa tupa bapa, ile ile ya panga na jembe. Upande wa mkono wake wa kulia alinoa kwa raha. Upande wa pili alinoa kwa kulipua, kwa sababu mkono ulichoka.

Ummy alimchagulia tupa ya duara ya milimita tano nukta mbili. Alisema kila cheni ina tupa yake, na hiyo ndiyo ya cheni ya tatu, mkwaju, nane. Akaifunga cheni mbovu kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu mezani, akamwonyesha. Tupa husukumwa kutoka ndani ya jino kwenda nje. Wakati wa kurudi huinuliwa, haikwaruzwi. Ukianza na misukumo mitatu kwa jino la kwanza, kila jino lipate mitatu, kulia na kushoto. Kwa kuwa kazi ya Sifael ni kupasua, tupa ilale kidogo tu, pembe ya nyuzi kumi hivi. Wanaokata magogo kwa kukingama huilaza zaidi, hadi thelathini.

"Na hiki kinundu kilicho mbele ya jino?" Sifael aliuliza.

"Hicho kinaamua jino liume kiasi gani. Ukishanoa mara kadhaa, kipunguze kidogo kwa tupa bapa. Kidogo, kaka. Ukikimaliza, msumeno utaruka na kukurudia usoni."

Mwishoni aliuliza kuhusu oili ya cheni. Sifael alijibu kwa majivuno kidogo kwamba yeye ni mtu wa kubana matumizi. Huchukua oili chafu kwa mafundi bodaboda, bure kabisa.

Ummy alivuta pumzi. "Hiyo oili imeshabeba vumbi la chuma kutoka kwenye injini. Ukiimimina kwenye cheni, unaupiga upanga wako msasa kila siku. Halafu inarushwa yote chini, kwenye udongo na maji."

Sifael aliikumbuka ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba lililo chini ya migrivea. Alikuwa ameona utando wa rangi rangi juu ya maji yake, akajiuliza umetoka wapi. Sasa alijua. Alinunua cheni mpya ya namba zake, ile tupa ya duara, na oili nzito ya cheni, ile inayonata. Ummy akamkumbusha kwamba kila anapojaza petroli, ajaze na oili.

Kesho yake asubuhi Sifael alitandaza gunia uani. Kwanza akasafisha upanga. Alikwangua mfereji kwa kipande cha bati, akatoa uchafu mgumu kama ugali wa juzi. Tundu la kupitishia oili lilikuwa limeziba kabisa, akalizibua. Akaondoa kwa tupa bapa makali yaliyojitokeza kingoni. Kisha akaugeuza upanga, upande wa juu ukawa chini, ili uchakae sawasawa. Ummy alimwambia augeuze hivyo kila anaponoa. Akaitazama pia gia ndogo inayozungusha cheni, akaiona bado nzima.

Alivaa glavu, akavisha cheni mpya. Aliikaza mpaka ikakumbatia upanga kwa chini, lakini bado aliweza kuizungusha kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Akawasha, akaelekeza ncha ya msumeno kwenye ubao mweupe bila kuugusa. Baada ya muda mfupi mstari mwembamba wa oili ulijichora juu ya ubao. Hiyo ilikuwa dalili kwamba oili inafika.

Hakugusa mti siku hiyo. Alijaribu kwanza kwenye gogo la kuni. Msumeno ukaingia wenyewe, bila kusukumwa, ukatema vipande vikubwa. Unga haukuonekana. Jioni alinoa, na Priska akakaa kando akihesabu kwa sauti. "Moja, mbili, tatu. Jino jingine." Mkono wa Sifael ulipotaka kulipua upande wa pili, Priska alihesabu polepole zaidi.

Siku ya kuangusha mgrivea wa pili, Bibi Nakundwa aliomba kigoda chake kiwekwe mbali, mahali salama. Alitaka kuona. Sifael alivaa kofia ngumu, miwani na buti, akauangusha mti, kisha akapiga mstari wa masizi juu ya gogo kwa uzi wa katani. Huo ndio uzi aliokwenda nao Same. Hatimaye ulipata kazi yake.

Mti wa tatu haukuwepo. Lakini msumeno uliufuata mstari mweusi tangu mwanzo hadi mwisho. Alipumzika kila tangi lilipokwisha. Akajaza petroli, akajaza oili, akagusa cheni kuona kama imelegea, akainoa, akaendelea. Rodrick aliinua ubao wa kwanza, akafumba jicho moja. Alichungulia muda mrefu, kisha akauweka chini bila neno na kwenda kuchukua wa pili. Fundi seremala asipotoa kasoro, hiyo ndiyo sifa yake.

Mbao zilipangwa kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Zilikaa miezi mitatu. Kisha Rodrick akatengeneza kitanda kipana, chenye chaga zilizonyooka. Bibi Nakundwa alilala juu yake mchana kweupe, akageuka kulia, akageuka kushoto, akainuka mwenyewe bila kuvutwa. Sifael alilengwa na machozi, akajifanya anakagua misumari.

Mbao hazikuwa zimekwisha. Kwa kuwa msumeno ulikwenda sawa, hakuna kilichopotea kwa kupinda. Mbao saba pana zilibaki zimeegemea ukuta, na wote walijua zinatosha kitu gani. Sifael alimuuliza mama yake kwa sauti ya chini azifanye nini.

Bibi Nakundwa alizisogelea. Alipitisha kiganja ukingoni mwa ubao mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho, kama alivyokuwa akiugusa mti.

"Zipandishe darini," alisema. "Sina haraka nazo."

Kabla hazijapandishwa, Priska alichukua chaki yake ya kisomo, akaandika neno kwenye ubao wa juu. Bibi Nakundwa, ambaye hakupata kwenda shule, alimuuliza ameandika nini.

"Nimeandika BADO, mama."

Bibi aliyatazama yale maandishi, akausogeza tena ubaoni mkono wa mkwe wake wenye chaki.

"Yaongeze ukubwa," alisema, akaenda kulala.