Maji ya Chini ya Tangi

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Mama Randa alitoka uani kugonga tangi. Aligonga kwa kiganja, akianzia juu na kushuka. Palipokuwa patupu, tangi lilivuma kama ngoma. Palipokuwa na maji, lilitoa sauti nzito na fupi. Mumewe ndiye aliyemfundisha. Alikuwa seremala, na jina la Mama Randa lilitokana na randa yake, iliyosikika ikilainisha mbao kutwa nzima. Alifariki mwaka uliopita, wakati wa mvua.

Tangi lile la plastiki lilisimama kando ya karakana, likipokea maji ya mvua kutoka kwenye paa. Koki yake ilikuwa chini kabisa. Maji yalitumika kupikia, kufulia, kunywesha ndama na kumwagilia bustani. Ubavuni mwa tangi ziliegemezwa mbao. Marehemu aliziweka pale zikauke kivulini. Tangu mazishi, hakuna aliyezigusa. Hata shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeendeleza kazi ya karakana, alinunua mbao nyingine huku zile zikimtazama.

"Shemeji, mbao hizi zimekuposa ama nini?" alimtania siku moja.

"Ziache. Hazikuombi chakula."

Yakaishia hapo.

Kiangazi hicho banda la jirani yao, mfuga kuku, lilishika moto. Gari la zimamoto halikuchelewa. Lilimwaga maji yake yote, kisha likabaki limesimama tu, maana huku mashambani hakuna bomba la barabarani la kuunganisha mipira. Dereva akaenda nalo mtoni kutafuta maji. Aliporudi, banda lilikuwa majivu, na mfuga kuku amekaa chini na ndoo tupu mapajani.

Mama Randa alirudi nyumbani akapita moja kwa moja hadi karakanani. Misumeno ya mumewe ilining'inia ukutani. Benchi lilikuwa na mabonde mawili alipozoea kuegemeza viwiko. Hivi vikiungua, alijiuliza, nitabaki na nini chake?

Siku chache baadaye, dada mmoja wa kikosi cha zimamoto alipita nyumba kwa nyumba. Alimpa Mama Randa pole ya msiba, kisha akauliza tangi lina maji kiasi gani. Mama Randa akaligonga. Likavuma, likavuma, likaja kuwa zito usawa wa kifundo cha mguu.

"Moto ukija leo, mama, una maji ya chai," yule dada alisema.

Shemeji akacheka. Alipoona hakuna mwenzake wa kucheka naye, akakohoa.

Dada akaeleza taratibu. Tangi hujaa wakati wa mvua, lakini moto huja kiangazi, wakati nyumba imeshayamaliza maji. Dawa yake ni kuihamishia koki ya nyumbani juu, katikati ya tangi. Maji ya juu yatumike. Ya chini yabaki ya moto peke yake, na mtu hawezi kuyateka hata akisahau. Chini iwekwe koki kubwa ya chuma, yenye mdomo unaokubali mpira wa gari lao. Bomba linalopita juu ya ardhi nalo liwe la chuma, kwa kuwa la plastiki huyeyuka. Wawe na pampu ya petroli ya kuanzia kazi kabla gari halijafika, kwani moto ukitokea umeme nao huweza kukatika. Tangi lenyewe lisogezwe mahali peupe, mbali na karakana. Na lango lipanuliwe, gari liweze kulifikia tangi.

"Na hizi mbao ziondoke," alimalizia.

Mama Randa alikuwa akiitikia kila neno. Hapo akaacha.

"Hizo aliziweka yeye," alisema.

Dada hakubishana naye. Alizipapasa mbao, akauliza marehemu alikuwa akizikaushia kazi gani. Mama Randa hakujua. Shemeji ndiye aliyejibu, macho yakiwa chini.

"Lango. Lori la mbao lilikuwa haliingii, tunabeba kwa mabega kutoka barabarani. Alisema hizi zikikauka atatengeneza lango pana."

Mama Randa alizitazama kitambo.

"Zimekauka?"

Shemeji akagonga moja kwa kidole. "Zamani, shemeji."

Basi kazi ikaanza. Tangi, kwa kuwa lilikuwa karibu tupu, lilisogezwa bila taabu. Fundi bomba akabadilisha koki, na pampu ikanunuliwa. Shemeji akatengeneza lango kwa mbao zile, na mvua zikaja zikajaza tangi.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa na manung'uniko. Koki ya juu ilipokauka, shemeji alilazimika kwenda mtoni kwa baiskeli na madumu. Alisema hajapata kuona watu wenye maji wakilala na kiu. Mama Randa alimwambia maji yale yana kazi yake, na kama miguu inamuuma asukume baiskeli.

Kisha mchana mmoja mtu alichoma mabua shambani kwake, upepo ukageuka. Cheche zikaangukia rundo la maranda ya mbao nyuma ya karakana. Shemeji akawasha pampu na kuulowesha ukuta na paa, naye Mama Randa akapiga simu. Gari la zimamoto lilipita langoni bila hata kupunguza mwendo. Maji yake yalipokwisha, wakaunganisha mpira kwenye koki ya chuma, na kazi ikaendelea hadi moshi ukakata.

Ukuta mmoja uliungua, ule wa upande ambako tangi na mbao vilikuwa zamani. Misumeno na benchi vilisalimika.

Kesho yake asubuhi Mama Randa aligonga tangi. Lilivuma kutoka juu hadi chini kabisa. Akasimama, kiganja chake kikiwa bado juu ya plastiki. Kisha akamwita shemeji yake, akamwambia alete baiskeli na madumu.

"Tunaanza na maji ya chini," alisema. "Ya juu yatasubiri mvua."