Jina Nililompa Mtoto wa Plastiki

Jioni hiyo nilikuwa naenda tu kununua kitunguu. Saa kumi na mbili, jua linaangukia upande wa Endebess, miguu inaniuma kama si yangu. Ndiyo Madam Cherop akanipigia simu.

"Mama, pitia chuoni kidogo. Nelima ana mtihani kesho na bado hajaiva."

"Madam, leo nimeigiza mara tano. Nimechoka."

"Mara moja tu. Chai iko."

Chai ndiyo ilinipeleka. Sitadanganya.

Kazi yangu pale kwa chuo cha manesi, hapa Kitale, ni kujifanya. Wanafunzi wanajifunza kumsaidia mama aliyejifungua anyonyeshe, sasa lazima mtu awe mama mkwe mbaya, yule wa kusema mtoto apewe maji na uji siku ya kwanza. Hiyo naiweza bila kufundishwa. Lakini jioni hiyo msichana wa kuigiza mama alikuwa ameenda zake (na mtu wa bodaboda, msiseme nimesema), kwa hivyo Madam akanifunga mimi aproni yenye matiti ya kufumwa kwa uzi. Mimi, miaka sabini na moja! Akanipakatisha mtoto wa plastiki, mzito kama mtoto wa kweli, wa kulia ukibonyeza rimoti.

Akalia.

Nelima akachuchumaa mbele yangu. Msichana wa Bumula, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kukhu," akaniita, vile sisi Wabukusu huita nyanya, "geuza tumbo lake liguse lako. Ngoja afungue mdomo sana. Kidevu kiguse titi."

Tukajaribu. Analia. Tukajaribu tena. Analia. Nelima naye karibu alie.

Hapo utundu wangu ukanishika. Kwetu mtoto mchanga akilia na kukataa titi, tunajua anataka jina. Unamwekea titi mdomoni, unataja wafu wa ukoo mmoja mmoja. Akinyamaza na kunyonya, huyo ndiye amerudi. Nikasema acha nimchekeshe huyu msichana.

"Huyu anatafuta jina, bana! Wewe ni Wabwile?"

Analia.

"Wewe ni Makokha mlevi?"

Nelima akacheka. Mtoto analia.

"Wewe ni Nakhungu?"

Kimya.

Kimya kama redio iliyokatiwa stima.

Halafu nikasikia kuvutwa. Chini ya aproni, chini ya blauzi... titi langu mwenyewe, lililokauka miaka thelathini. Linavutwa. Polepole. Na harufu ikaja... maziwa yaliyolala, na tumbaku. Nakhungu alikuwa mama yangu. Alinusa tumbaku mpaka siku tulipomzika.

"Madam," nikaita, "umezima?"

Madam Cherop akainua macho kutoka kwa karatasi zake. "Nizime nini? Betri iliisha tangu saa tisa. Si ni wewe ulikuwa unalia na mdomo? Nikasema huyu mama ni fundi!"

Nelima hakucheka tena.

"Kukhu," akanong'ona, "hilo jina ulikuwa umemwekea nani?"

Nilikuwa nimemwekea mjukuu. Binti yangu Rosaline alikuwa na mimba ya miezi tisa huko Bungoma, na kama angezaa msichana...

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa mume wake.

"Mama, ni msichana. Amezaliwa sasa hivi. Lakini amekataa titi."

Siku tatu nilikaa na Rosaline hospitalini Bungoma. Manesi wanamkamua Rosaline, wanamnywesha mtoto kwa kikombe, anatapika. Kila wakimpima, uzito umeshuka. Kila jioni naweka mdomo kwenye sikio lake nataja wafu wetu, wote, hata wale hatukuwapenda. Nikifika kwa Nakhungu, anafungua macho. Ananiangalia vile unaangalia mtu aliyeuza kitu chako. Halafu analia zaidi.

"Mama, kuna nini?" Rosaline akauliza. Sauti imemwisha. "Si wewe hujua mambo ya watu wote? Niambie."

Mimi, wa kubeba habari kutoka Cheptais mpaka Kitale, hiyo moja nilimficha, kwamba jina la mwanawe nimelipa plastiki.

Jioni ya tatu daktari akasema mtoto asiponyonya, hatafika kesho. Nikatoka nje, nikasimama kando ya dirisha la wodi, nikampigia Nelima.

"Kukhu..." Sauti chini kabisa. "Analia kila jioni. Madam ametoa betri, amemweka kwa kabati. Wengine hawamsikii. Mimi namsikia. Nikimshika ndiyo anapunguza sauti. Nimechoka, Kukhu."

"Mjukuu wangu anakufa, Nelima."

Nikamwambia yote. Kwetu jina likimkataa mtoto, anabadilishiwa. Lakini huwezi kulitoa kwa huyo wa plastiki ukamwacha mtupu. Lazima apewe lingine, ndipo Nakhungu aje kwa mjukuu wangu.

"Tafuta mfu yeyote wa kwenu. Mpe."

Nikasikia kabati linafunguka. Kisha kilio, karibu kabisa na simu. Nelima akataja babu yake. Shangazi. Ndugu aliyekufa na malaria. Mmoja mmoja. Kilio kile kile.

"Amewakataa wote."

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Kukhu... nikimpa langu?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema hapana. Jina la mtu aliye hai haliitwi hivyo, hata mtoto mdogo wa kwetu anajua. Nikaangalia dirishani. Rosaline amelala na yule kiumbe kifuani, mkono wake mdogo hausogei.

Nikamwacha aseme.

"Wewe ni Nelima," akakiambia kile kitu.

Kilio kikakatika.

Na ndani ya wodi Rosaline akapiga kelele: "Mama! Ananyonya! Mama, njoo uone!"

Nesi wa zamu akasema mtoto alikuwa anashikwa vibaya tu, yeye amemgeuza tumbo liguse la mama, basi akashika titi. Pengine. Nilimshukuru. Nililia mpaka wakaniletea kiti.

Jumatatu nikarudi kazini Kitale. Mtihani Nelima alikuwa amepita, nambari moja. Ati Madam hajawahi kuona mikono kama ile. Tulikuwa tumekaa na huyo msichana nyuma ya darasa, Madam anasoma rejista.

"Nelima."

Alikuwa kando yangu, anaangalia ukuta. Hakuitika.

Kwenye kabati kitu kikalia. Mara moja. Kifupi.

Wanafunzi wakacheka, ati ni waya zimegusana. Madam akaweka alama ya aliyepo, akaendelea na jina lingine.

Yule msichana akaniinamia. Mdomo wake ulinuka maziwa.

"Kukhu," akanong'ona, "mimi naitwa nani?"

Najua. Liko hapa kwenye ulimi. Lakini nikilitaja, si yeye atakayeitika.