Mfuko Namba Nne

Kila Jumamosi, baada ya kufagia uwanja na kuosha vyombo, Somoe wa kijiji cha Zinga aliingia porini na mfuko wa kitambaa mkononi. Alikuwa darasa la sita. Bibi yake, Bi Mwaija, alisifika kwa dawa za miti shamba, na Daktari Eufrazia, mtafiti kutoka Dar es Salaam, aliomba majani ayapime maabara kama yanaweza kuua seli za saratani. Bibi alionyesha miti, Somoe akachuma, kila mti na mfuko wake wenye namba.

Jumamosi moja jua liliwaka kwelikweli. Mfuko namba nne ulifika nusu tu, na mti wake ulikuwa mbali. Somoe aliona uvivu kurudi, akaujazia majani ya kichaka cha nyuma ya jiko, ambacho bibi alitaka kukikata apanue jiko. Nani angejua?

Miezi miwili baadaye daktari alikuja akitabasamu.

"Shikamoo, bibi. Namba nne imeua seli nyingi kuliko mifuko yote."

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi," bibi akasema, machozi yakimlengalenga. Saratani ya titi ilikuwa imemchukua dada yake.

Lakini majani mapya ya mti uleule yalipopimwa, hayakuua kitu. Safari hii daktari hakutabasamu.

"Bibi, una hakika ni mti uleule? Wenzangu wanataka tuiache kazi hii."

"Miaka arobaini nautumia mti ule. Leo nimekuwa mwongo?"

Sauti ya bibi ilitetemeka, na Somoe hakuweza kuvumilia. Kwa aibu, alisema yote.

"Nionyeshe hicho kichaka," daktari akasema.

Wakachuma pamoja, mfuko mzima. Baada ya wiki sita simu ya bibi iliita: seli zilikuwa zimekufa tena.

"Bado si dawa," daktari alieleza. "Kuua seli kwenye kichupa si kumponya mtu. Itachukua miaka. Ila sasa tunajua tutafute wapi."

Bibi aliweka simu chini.

"Uliniaibisha, Somoe, kisha ukanisitiri. Ungenyamaza, kazi ya watu ingekufa na mimi ningekikata kichaka hiki kwa mkono wangu. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado linatengenezeka."

Kisha akachukua panga lililoegemezwa ukutani, akamkabidhi.

"Kalirudishe ndani. Jiko tutalipanua upande wa pili."